Maji Yaliyokataa Kufika Mia

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili mtu mwingine asije akanisemea. Miaka thelathini iliyopita, nikiwa mwalimu kijana mwenye haraka ya kupata jina, niliandika kijitabu cha maswali elfu moja ya sayansi kwa wanafunzi. Swali kushoto, jibu kulia, kila moja mstari wake. Swali la kwanza lilikuwa: Maji huchemka kwa nyuzi ngapi? Jibu nililoandika kwa mkono wangu lilikuwa: Mia moja, kwenye usawa wa bahari. Mpiga chapa akaniambia maneno yamezidi mstari. Nikamwambia akate. Akakata, tukanywa soda, nikasahau.

Mwaka huu, nimeshastaafu na magoti yananisumbua, nikapata barua kutoka nchi ya Jibuni. Iliandikwa hivi: "Kwa Mtunzi. Njoo uthibitishwe." Nani asiyependa kuitwa mtunzi? Nilikwenda. Safari siielezi, maana watu wote husafiri kwa namna moja, kwa kukaa na kulalamika. Nitasema tu kwamba Jibuni iko milimani, juu sana, mahali ambapo mgeni hupanda ngazi kumi kisha anakaa chini kutafuta pumzi.

Nilichokikuta huko ni kijitabu changu. Kilikuwa juu ya meza ya jiwe katikati ya mji, kimefungwa kwa mnyororo, na kila mpita njia alikigusa kisha akagusa paji la uso. Wenyewe wanakiita Kitabu, basi. Cheo hakipatikani Jibuni ila kwa kukijibu haraka. Aliyejibu maswali mia tisa kwa saa moja huwa waziri. Aliyejibu mia mbili hufagia barabara. Niliona barabara zao na niliwaona mawaziri wao, na kwa kweli barabara zilikuwa safi.

Sheria zote zimetoka humo. Ofisi hufunguliwa dakika nane baada ya jua kuchomoza, kwa sababu Kitabu kinasema mwanga wa jua hutumia dakika nane kutufikia, na watumishi wa umma husimama nje wakiusubiri ufike. Buibui ana miguu minane. Kwa hiyo mtu akiumwa na buibui aliyepotelewa na mguu mmoja, hajaumwa na buibui, na zahanati haina dawa ya mdudu asiyejulikana. Upande wa mashariki wa mji walisomea chapa ya kwanza, yenye sayari tisa, na upande wa magharibi walisomea chapa ya pili, ambayo nilipunguza moja. Pande hizo mbili hazioani hadi leo.

Nilipelekwa kusikiliza mjadala wa Baraza la Maada. Kitabu kinasema maada ina hali tatu: yabisi, kimiminika na gesi. Kwa mwaka wa kumi na moja sasa Baraza linajadili uji ni hali gani, na hadi wakubaliane hakuna mwanamke anayepewa kibali cha kuuza uji sokoni.

"Mheshimiwa, ukiinamisha bakuli uji unamwagika!" alisema mjumbe mmoja kwa uchungu. "Ni kimiminika!"

"Wa kwenu huo!" akamrukia mwenzake. "Wa kwetu haumwagiki ng'o!"

Nilinyoosha mkono nikasema kwamba huenda inategemea unga umetiwa kiasi gani.  Mama mmoja akamziba mwanawe masikio. Karani akanisogelea akaninong'oneza kwamba neno "inategemea" halitamkwi mbele za watu Jibuni, na kwamba kwa kuwa mimi ni mgeni nitasamehewa mara hiyo moja.

Nyumba ya wageni walinipa maji ya kunywa kutoka kisimani, baridi, yenye rangi ya chai hafifu. Nikauliza kama yamechemshwa. Mhudumu alinicheka hadi akashika mlango. "Maji hayachemki, mzee," akasema. Nilidhani ananitania. Siku ya pili tumbo langu halikuwa na utani tena, nikatoka kwenda kutafuta chai ya moto, nikiwa nimejikunja kama jongoo.

Mtaa mzima ulikuwa na moshi wa jiko moja tu, asubuhi hiyo kabla ya saa za kupika. Nikaufuata. Nikamkuta mama wa makamo, mnene, kanga kifuani, anachochea kuni chini ya sufuria kubwa. Ndiye Bi Sikuzani. Hakuniuliza mimi ni nani. Alinitazama nilivyojishika tumbo, akasema, "Umekunywa ya kisimani. Pole, baba. Kaa hapo." Akanipa kikombe cha maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo na sukari.

Mkekani, kando ya ukuta, alilala mtoto wa miaka miwili, mjukuu wake, jina lake Zawena. Macho yalikuwa yameingia ndani na midomo imekauka. Siku tatu alikuwa akiharisha. Alikuwa kwa mama yake mtaa wa pili, ambako wanakunywa ya kisimani kama kila mtu, na Bi Sikuzani alimchukua akiwa hawezi hata kulia. Sasa alikuwa akimnywesha kijiko kimoja kimoja, kila baada ya dakika chache, usiku na mchana.

"Zahanati wanasemaje?" nikauliza.

"Zahanati!" Alisonya. "Wanasema hawamwandiki. Kitabu kinasema binadamu ana mifupa mia mbili na sita. Mtoto huzaliwa na karibu mia tatu, nayo huungana polepole. Kwa hiyo Zawena bado hajawa binadamu. Arudi mifupa ikishapungua."

Swali la mia nne na kumi na mbili. Nililikumbuka vizuri. Niliandika "binadamu" badala ya "mtu mzima" kwa sababu ile ile ya mstari. Nikajifanya nakohoa.

Hapo akaingia bwana mwembamba mwenye kipimajoto shingoni, kimefungwa kwa utepe wa kijani. Huyo ni Ngwaru, Mkaguzi wa Joto. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vinne. Cha tano kilibanwa na lango la ofisi yao wenyewe. Kidole kina mifupa mitatu, kwa hiyo Ngwaru ana mifupa mia mbili na mitatu, na kwa sheria hawezi kutia saini hati yoyote. Mkewe humtilia.

"Leo hukuja na mkeo?" Bi Sikuzani akamuuliza.

"Usinitanie nikiwa kazini, mama. Sufuria hiyo ina nini?"

"Maji."

"Yanafanya nini?"

"Si unayaona? Yanachemka."

Maji yalikuwa yanatokota hadi kifuniko kinacheza. Ngwaru akatumbukiza kipimajoto, akasubiri, akakitazama kwa jicho moja. "Tisini na moja. Hayajachemka."

"Ongeza kuni basi."

Akaongeza yeye mwenyewe, akajaza jiko, moto ukaunguruma. Maji yalizidi kuruka, mvuke ukatujaa usoni. Kipimajoto kikakaa palepale. Tisini na moja. Na kingekaa hapo hadi sufuria ikauke, kwa sababu huko juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji sana, nayo huchemka mapema. Mwanafunzi wangu yeyote wa kidato cha pili angemweleza, kama ningewahi kuwafundisha.

"Basi kama hayajachemka, tia kidole," Bi Sikuzani akasema.

Ngwaru akarudisha mikono nyuma. "Kidole si kifaa cha kupimia."

"Umebaki navyo tisa, una haki ya kuogopa."

Sikumcheka, maana yule bwana alianza kunieleza mambo kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda sokoni. Kitabu kinasema maji huchemka kwa mia. Hakuna sufuria Jibuni iliyowahi kufika mia. Kwa hiyo maji ya Jibuni hayachemki. Chakula wanapika, maana ugali haukutajwa. Lakini kuyaweka maji ya kunywa motoni ni kuteketeza kuni bure, na kusema kwamba umeyachemsha ni uongo wa hadharani. Bi Sikuzani ameonywa mara mbili. Kesho atasimama mbele ya Msimamizi Mkuu, na akishindwa, jiko lake litafungwa kwa lakiri.

"Mtaani kwangu hakuna mtoto anayeharisha," Bi Sikuzani akaniambia Ngwaru alipoondoka. "Wote wanakunywa hapa. Wakilifunga jiko hili kesho, huyu..." Akamwangalia Zawena, hakumalizia.

Nikaona wakati wangu umefika. Nikakaa wima. "Usihofu, bibi. Kitabu hicho nimekiandika mimi."

Aliweka kijiko chini. "Wewe?"

"Mimi. Nikishathibitishwa kesho nitakirekebisha. Ni maneno manne tu."

"Kumbe ni wewe!" akasema, na wallahi hakulisema kwa heshima. "Ulipokuwa unaandika ulikuwa umekaa wapi?"

"Pwani."

"Ungepanda kidogo."

Mahakama ya Jibuni ni ukumbi wa mtihani. Watu hukaa madawati yaliyoachana hatua mbili, hawaruhusiwi kugeuka. Msimamizi Mkuu alikuwa Mheshimiwa Nyanzige, mama mrefu mwenye sauti ya chini, na mbele yake kengele na saa ya mchanga iliyokuwa ikimalizika kwa sekunde kumi. Kesi ya Bi Sikuzani na uthibitisho wangu viliwekwa pamoja, kwa kuwa vyote vilihusu swali la kwanza. Nilifurahi. Usiku kucha nilikuwa nimepanga maneno: nitasema maji huchemka kwa nyuzi mia pale msukumo wa hewa ulipo wa usawa wa bahari, na huku kwenu ni tisini na moja, na mama huyu hana hatia. Niliyarudia maneno hayo hadi mto wangu ungeweza kuyasema.

"Anayejiita Mtunzi asimame," akasema Mheshimiwa Nyanzige. Nikasimama. Bi Sikuzani alikuwa kizimbani, Zawena mgongoni kwenye kanga, kichwa kimelala upande. Ngwaru alikuwa mlangoni na lakiri mkononi, na mkewe kando yake na kalamu.

Nyanzige akaigeuza saa ya mchanga. "Maji huchemka kwa nyuzi ngapi?"

"Mia moja!" nikasema.

Jamani. Sikufikiri. Mdomo ulikwenda wenyewe. Miaka thelathini nimesimama mbele ya madarasa nikiuliza swali hilo, na miaka thelathini nimelijibu pamoja nao, kwa sauti moja, kabla hata sijamaliza kuuliza. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Watu walilia. Mzee mmoja wa mashariki alimkumbatia mzee wa magharibi.

"Hapana, ngojeni!" nikapiga kelele. "Naongeza maneno! Ni kwenye usawa wa..."

Kengele. "Jibu la kwanza ndilo jibu," akasema Nyanzige. "Mtunzi amethibitishwa. Na kwa jibu lake mwenyewe, mshtakiwa ana hatia. Jiko lifungwe kabla ya saa sita."

Bi Sikuzani hakunitazama. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, laiti angenitukana. Alimgeukia msimamizi akauliza, taratibu, "Mjukuu wangu anywe nini?"

Nyanzige akafungua Kitabu. Hakufanya dhihaka, alitafuta kweli, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka mstari kwa mstari, na sisi tukingoja. Mwishowe akakifunga. "Swali hilo halimo," akasema.

Nikapanda jukwaani bila kualikwa. Nikamwambia mimi ndimi niliyeandika, nipeni kalamu, nalifuta jibu langu. Makarani wakanizuia kwa adabu. Mtunzi hawezi kufuta, wakanieleza. Mtunzi hana mamlaka juu ya Kitabu kama mzazi asivyo na mamlaka ya kumrudisha mtoto tumboni. Ila aliyethibitishwa ana heshima moja: anaweza kuongeza swali moja. Liwe la mstari mmoja. Jibu lisizidi maneno matatu.

 Nikaandika: Maji huchemka kwa nyuzi ngapi mlimani? Tisini na moja.

Nyanzige akasoma, akatikisa kichwa. "Maji tayari yana namba. Hayawezi kuwa nazo mbili."

Ngwaru alikwisha kutoka na lakiri. Nilimwona dirishani akishuka mtaa, mkewe nyuma. Zawena akatoa sauti ndogo, kavu, isiyo kilio wala kikohozi, na Bi Sikuzani akampigapiga mgongoni bila kugeuka. Sikuwa na muda wa kuwa mwalimu mzuri. Nikachukua karatasi nyingine nikaandika jambo la kwanza ambalo lingepita.

Katika Jibuni, maji huchemka wapi? Kwa Bi Sikuzani.

Nyanzige akalisoma mara mbili. Akahesabu maneno kwa vidole. Jibu lilikuwa fupi, moja, na halikugombana na jibu lingine lolote. Akagonga kengele, akalisoma kwa sauti, na ukumbi mzima ukarudia mara tatu, kama sheria inavyotaka: "Kwa Bi Sikuzani! Kwa Bi Sikuzani! Kwa Bi Sikuzani!" Mtu akatumwa mbio kumrudisha Ngwaru. Kesi ikaisha hivyo.

Jioni ile Zawena alikunywa kikombe kizima. Kesho yake aligeuza kichwa alipoona kijiko, akakipiga kwa mkono kikaruka hadi jikoni, na bibi yake akacheka huku machozi yanamtoka. Siku ya tatu aliomba ugali. Mimi nilikuwa nimeshajisamehe. Nilianza hata kufikiri kwamba nimefanya jambo la akili, na nikamwandikia mke wangu barua ndefu kuhusu jambo hilo.

Siku ya nne niliamshwa na kelele za ndoo.

Foleni ilianzia mlangoni kwa Bi Sikuzani, ikapita mtaa, ikapita meza ya jiwe, ikashuka bondeni hadi nisione mwisho wake. Nchi nzima ilikuwa imekuja. Walikuja na ndoo, madumu, sufuria, vyungu. Mama mmoja aliyekuwa mbele alikuwa na ndoo kichwani na mzigo wa kuni mgongoni. Alikuwa ametembea tangu jana.

"Hizo kuni za nini?" nikamuuliza.

"Za kuchemshia maji yangu, Mwalimu."

"Una kuni, una maji, una jiko nyumbani. Kwa nini hukuchemshia kwako?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayekuta mwalimu hajui somo lake. "Kwangu hayachemki. Swali la elfu moja na moja."

Ndani, Bi Sikuzani alikuwa mweusi kwa masizi, macho mekundu, sufuria tatu motoni na mikono imeungua kwa mvuke. Alikuwa hajalala. Zawena alikaa mlangoni anacheza na vifuniko. 

"Umewapa jibu tena," Bi Sikuzani akaniambia.

"Bi Sikuzani, nilikuwa sina..."

"Najua. Umemponya mtoto wangu, na Mungu akulipe. Lakini umewapa jibu tena." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. Kisha akamwita yule mama wa kuni. "Wewe, njoo hapa. Tua huo mzigo. Inama."

Yule mama akainama juu ya sufuria.

"Unaona nini?"

Mama akageuka kunitazama mimi, kisha akatazama foleni, kisha akarudi. "Jibu ni lipi?"

"Sijakuuliza jibu. Nimekuuliza unaona nini."

 Watu wa mbele kwenye foleni walianza kunong'ona. Yule mama alikuwa hajawahi maishani kusema kitu ambacho hakijaandikwa. "Yanaruka," akasema hatimaye. "Yanatoa mapovu kutoka chini. Yanatoa moshi."

"Na kwako, ukitaka kusonga ugali, maji yanafanyaje?"

"Yanafanya hivyo hivyo." Alisimama wima. "Yanafanya hivyo hivyo kila siku!" Akarudia mara ya tatu, kwa sauti ndogo, kisha akajitwika ndoo yake, akabeba kuni zake, akaanza kurudi alikotoka bila kuaga. Mmoja. Foleni ikasogea hatua moja.

Bi Sikuzani akanitupia kitambaa cha kushikia sufuria. "Anayefuata ni wako, Mwalimu. Na usimwambie kitu."

Aliyefuata alikuwa Ngwaru, na dumu lake la lita tano. Alikuwa ameshika kipimajoto tayari. Nikanyoosha mkono, akanipa kwa shingo upande. Nikamwonyesha sufuria, nikamuuliza anaona nini. Akainama, akatazama kwa muda mrefu, kisha akainua macho kwangu.

"Jibu ni lipi, Mtunzi?"

Nilikuwa nalo mdomoni, fupi, la mstari mmoja. Nikalimeza, nikaongeza kuni, tukasubiri wote wawili.